Shajara ya mradi: kikoba, mihuri na simu moja mezani

Januari

Kwa wanaoulizia, ndio, bado nasoma. Masta yangu ni ya dizaini ya mwingiliano, yani namna mtu na kifaa wanavyoelewana, unabonyeza nini, unaona nini, unajuaje kama imekubali. Chuo kiko Uingereza, mi niko Moshi, mchana natengeneza tovuti za kampuni za utalii na usiku ndo nageuka mwanafunzi. Mfumo wao ni hivi: digrii nzima ni krediti 180, na kila krediti wanaihesabu masaa 10 ya kusoma, kwaiyo jumla masaa 1,800, alafu unalipia moduli moja moja kadri mfuko unavyoruhusu. Ukiishia krediti 60 unaondoka na cheti cha uzamili, 120 ni stashahada ya uzamili, ukiongeza 60 za mradi wa mwisho ndo masta yenyewe. Mi 120 ninazo, huu mradi ndo 60 zilizobaki, masaa 600.

Uzuri wake ni kwamba wateja wa utalii walipokatika nilisimama nikarudi baadae na hakuna aliyeniuliza kitu. Ubaya wake ni huohuo, hakuna anayekuuliza kitu. Unaweza ukakaa mwezi mzima unajiambia "wiki hii naanza" na paundi inazidi kupanda tu dhidi ya shilingi. Na kama unataka kujiunga na cheti utakitumia kuombea kazi serikalini au kufundisha chuo, kaulizie TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) habari za kutambuliwa kwa vyeti vya nje KABLA hujalipa ada, sio baada.

Vikao na msimamizi ni saa kumi na mbili jioni ya kwao, huku kwetu inakua saa tatu usiku. Mwisho wa Machi wakisogeza saa zao mbele itakua saa mbili usiku, hapo nitapumua kidogo maana saa tatu umeme wa mtaani kwetu una tabia zake.

Wenzangu kwenye kundi wengi wamechukua mambo ya afya na mazoezi. Msimamizi akaniambia nitafute kitu ambacho watu wa karibu yangu wanakifanya kila wiki bila kunihitaji mimi. Sikufikiria mara mbili. Mama mdogo ni mweka hazina wa kikoba, yani kikundi cha kuweka na kukopeshana, huko Pasua hapa Moshi, wanachama ishirini na kitu, karibu wote wanawake, wengi wanauza Mbuyuni na Kiboriloni, ndizi, nyanya, mitumba, mmoja ana genge la mkaa. Jina la kikundi silitaji, tumekubaliana hivo kwenye fomu za maadili, na kwa wale ambao kusaini ni shida chuo kimeruhusu ridhaa ya mdomo iliyorekodiwa.

Wazo lililoandikwa kwenye pendekezo: kuhamisha daftari la kikoba kwenda kwenye simu. Najua, najua, zipo programu za vikoba tayari. Ndo maana niliandika kwamba nataka kuangalia kwanza kwa nini hawa hawazitumii wakati nusu yao wana smatifoni.

Februari

Mwezi huu sijachora skrini hata moja, nimekaa tu kwenye viti vya plastiki nikaangalia. Msimamizi alisisitiza hilo na nashukuru.

Kitu cha kwanza nilichojifunza: simu ikiita kwenye kikao ni faini. Shilingi mia tano, papo hapo, hakuna kujitetea. Yani mi nakuja na mradi wa simu kwenye chumba ambacho simu ni kosa. Mwenyekiti alicheka mpaka akashika mbavu nilipomweleza, akasema "mwanangu wewe utatutajirisha kwa faini".

Sasa nieleze kikao kinavyokwenda kwa sababu hapa ndo pana utamu. Sanduku la chuma lina kufuli tatu, na funguo wanashika wanawake watatu ambao sio viongozi. Mwenye ufunguo mmoja asipofika, sanduku halifunguki, kikao kinasubiri, bodaboda anatumwa. Likifunguliwa, kabla ya kugusa hela yoyote, katibu anauliza: wiki iliyopita tulifunga na shilingi ngapi? Na wanachama wanajibu kwa pamoja KWA KICHWA. Hawasomi popote. Mfuko wa hisa kiasi hiki, mfuko wa jamii kiasi hiki. Alafu ndo hela inahesabiwa mbele yao kuona kama inalingana na walichokisema.

Baada ya hapo wanaitwa kwa namba. "Namba saba!" Namba saba anasimama, anakuja mezani, anatoa hela, wahesabuji wawili wanahesabu kwa sauti, mmoja baada ya mwingine. Hisa moja elfu mbili, mwisho hisa tano kwa kikao. Akinunua tatu anapigiwa mihuri mitatu kwenye kitabu chake, pa, pa, pa, na yale maboksi mawili yaliyobaki yanachorwa mstari palepale ili mtu asije kuongeza muhuri baadae gizani. Kitabu kinarudi kwenye sanduku, hakiendi nyumbani.

Hebu angalia hiyo dizaini. Mtu asiyejua kusoma anahesabu mihuri yake mwenyewe. Kosa linazuiwa na mstari wa kalamu. Usalama ni kufuli tatu na ubishi wa wanawake ishirini. Vikundi vya kuweka na kukopeshana vya aina hii vilianzia Niger mwaka 1991, vikundi vya wanawake vilivyoundwa na shirika la CARE, na vimesambaa sehemu nyingi za Afrika. Sijui ni skrini gani nitakayochora iushinde.

Kwenye moduli ya kwanza tulifundishwa maswali matatu ya Bill Verplank, ambaye pamoja na Bill Moggridge ndo walioipa hii fani jina miaka ya 80. Moggridge alikua ametoka kuchora umbo la laptopu ya GRiD Compass, ya mwaka 1982, alipoanza kuitumia mwenyewe akakuta akili yake yote iko kwenye skrini, hata lile umbo alilolihangaikia kalisahau. Maswali ya Verplank nayaweka kwa Kiswahili: unafanyaje, unahisije, unajuaje. Nimeyaandika kwenye karatasi ya manila ukutani. Sasa hivi safu ya "unajuaje" ndo imejaa kuliko zote: wanajua kwa kusikia namba, kwa kusikia hela ikihesabiwa, kwa kusikia muhuri, kwa kukariri salio. Macho yanatumika kidogo sana. Hii nimeizungushia wino mwekundu.

Machi, mwanzoni

Nimeanza na mifano ya kukata kwenye maboksi ya karatasi. Kuna mradi uliitwa UTOPIA, Skandinavia, 1981 mpaka 1985, wachapaji wa magazeti walikaa na watafiti wakaunda vifaa vyao vya baadae kwa mbao na makaratasi kabla kompyuta zenyewe hazijawafikia, hadi boksi tupu wakaliandika kwamba hii ni printa. Mi nimechukua boksi la sabuni, nikakata mfano wa simu kubwa kama sinia, skrini ni karatasi ninazobadilisha kwa mkono. Badala ya hela tunatumia maharage, punje moja ni hisa moja.

Boksi limesaidia kitu kimoja kikubwa, wanabishana nalo. Ukiwapa simu halisi wanaishika kwa adabu kama ya mgeni, wanasema nzuri, nzuri mwanangu, wanarudisha. Ukiwapa boksi mtu anachukua kalamu anakata. Mama wa genge la mkaa alifuta kabisa skrini ya kuingia na namba ya siri, akauliza siri ya nini wakati tuko wote hapa? Mshika ufunguo wa pili akataka namba ya mwanachama iwe kubwa kuliko jina. Jina hawalitumii mezani, wanatumia namba.

Machi, katikati

Toleo la kwanza kwenye simu halisi, nimeliunganisha kwenye Figma, programu ya kuchorea skrini, linabonyezeka ila nyuma yake hamna kitu, hesabu nafanya mimi kwenye laptopu. Katibu ndo anashika simu.

Vidole kwanza. Sheria ya Fitts ya mwaka 1954 inasema kitu kikiwa kidogo na kikiwa mbali, muda wa kukifikia unaongezeka, na Google kwa Android wanashauri kitu cha kubonyezwa kisipungue dp 48, ambayo ni kama milimita 9. Nilikua nimefuata hizo 48 vizuri kabisa. Ila katibu siku hiyo alitoka kumenya ndizi za kuchemsha, mikono mikavu ina utomvu, simu ina ufa kona ya chini, kwaiyo anabonyeza mara haikubali, anabonyeza tena kwa nguvu inakubali mara mbili, hisa tatu zinakua nne. Sasa kila boksi la hisa ni pana karibu kama kidole gumba na kuna alama ya kurudisha nyuma muda wote. Mambo ya kuficha vitu kwenye menyu ya vistari vitatu nimeachana nayo.

Alafu ndo jaribio lenyewe. Walishakubali tangu mwanzo kwamba kwenye majaribio ya maharage kutakua na makosa ya makusudi, hawakuambiwa tu lini na wapi. Kwanza tukafanya kwa mihuri. Namba kumi na moja akatoa maharage matatu, tukapanga na mpiga muhuri apige minne. Hata hajamaliza kugonga wa nne, watu kama watano wamesharuka, "We! Tatu hizo!" Tukafanya kwa simu. Namba kumi na nne, maharage mawili, katibu akaingiza matatu. Kimya. Namba kumi na tano akaitwa, kumi na sita, kikao kikaendelea mpaka mwisho na hakuna aliyeona, kwa sababu hakukua na cha kuona wala cha kusikia, ni mtu mmoja ameinama anagusagusa kioo.

Hili ndo jambo la mradi mzima na nimelipata kwa punje za maharage. Simu ilimpunguzia katibu kazi, kweli, alikua na kasi zaidi. Ila ilichukua hesabu iliyokua ya chumba kizima ikaiweka kwenye kiganja cha mtu mmoja. Swali la "unajuaje" likabaki bila jibu kwa watu ishirini ili mmoja afanye haraka.

Nilipomweleza msimamizi akanikumbusha lile la Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima urahisi wa matumizi, kwamba ukijaribu na watumiaji 5 unapata kama asilimia 85 ya matatizo ya matumizi. Nikamjibu nadhani kwa heshima zote kwamba hapa nikimkalisha mtu mmojammoja pembeni na simu, hata wakiwa mia, hili tatizo silioni. Mtumiaji ni kikao. Akanyamaza kidogo, akasema andika hivohivo kwenye ripoti.

Machi, mwishoni

Suluhisho la kwanza lililomjia kila mtu, mimi nikiwemo: basi simu iseme. Nikarekodi sauti ya mama mdogo, ana sauti ya kwaya ya kanisani, "namba saba, hisa tatu", nikaweka kispika kidogo cha bluetuthi mezani. Wiki ya kwanza ilikua raha, wakarudisha na vigelegele.

Wiki iliyofuata masika ikaingia. Aisee. Wanaoijua Moshi wanajua mvua ya jioni kwenye bati lisilo na dari ikoje, mnakaa mnaangaliana tu mnasubiri ipungue. Kispika kikawa kinachezesha midomo. Na muhuri je? Muhuri ulikua unaonekana kwa ishara: mpiga muhuri anauinua juu kila mara kabla ya kugonga, bila hata kuambiwa, ni mazoea yao ya mvua. Watu wanahesabu mkono unavyopanda na kushuka. Niliikuta hiyo kwenye video zangu za Februari pia, siku ya mvua moja ya vuli iliyochelewa, nilikua sijaitilia maanani.

Kwaiyo kispika kimeondoka. Mama mdogo amesikitika kidogo, alishaanza kuitwa redio.

Aprili

Mwezi wa makaratasi. Chuo kinataka kipimo chenye namba, nikatumia kile cha John Brooke cha 1986 kinachoitwa SUS, cha kupima mfumo ni rahisi kiasi gani kutumia, maswali 10, unajibu kutoka 1 mpaka 5, yale ya namba witiri unatoa moja kwenye jibu, yale ya namba shufwa unatoa jibu kwenye tano, unajumlisha unazidisha kwa 2.5, inakuja alama kati ya 0 na 100. Wastani unaotajwa kwenye fani ni kama 68. Yangu ikaja juu sana, mpaka nikaona aibu. Maswali yale yanapishana, moja linasifu linalofuata linaponda, wao wakajibu tano kila mahali, sasa hesabu ingeanguka katikati, ila binti wa katibu aliyekua anawasomea akawa "anawasaidia" kuelewa, yani anawaelekeza jibu zuri. Kwa kifupi nimepima adabu. Mtu amekunywa chai na wewe, mama yako mdogo yuko mezani, umekuja na shikamoo kila mtu, atakupaje mbili? Ripoti nimeweka alama hiyo na aya nzima ya kueleza kwa nini isiaminiwe, alafu nikaweka jaribio la makosa ya maharage kama kipimo kikuu. Nani kagundua kosa, baada ya muda gani. Hiyo haina adabu ndani yake, mtu akiona hisa imeongezwa anapiga kelele tu.

Toleo la pili: mihuri inabaki. Sanduku linabaki, kufuli zinabaki, kuita kwa namba kunabaki. Simu inatoka mezani wakati wa kununua hisa, inaingia mwisho wa kikao tu, katibu anaingiza jumla za vitabu huku kitabu kikiwa kimefunuliwa mbele ya mwenyewe. Alafu usiku kila mwanachama anapata SMS: hisa zake za leo, jumla yake, mkopo wake, salio la kikundi lile la kukariri.

Kwa nini SMS. Wengi wana kitochi, na wenye smatifoni bando likiisha limeisha. Niliwaza pia menyu za nyota kama *150*00# ya M-Pesa ambazo wanazipiga usingizini, ila menyu hizo ujumbe mmoja unabeba herufi 182 tu, ukichelewa kujibu inakata, na kupata namba ya menyu yako mwenyewe ni safari nyingine kabisa. SMS inakaa kwenye simu, unaweza kumuonesha mume, au kumficha, hilo ni lako.

Kitu cha kiufundi nilichokifurahia: SMS moja ni herufi 160, na Kiswahili kinaingia chote bila shida maana hatuna herufi za ajabuajabu. ILA ukiandika ujumbe kwenye Word ukanakili, kile kikoma cha juu cha ng' kinageuzwa kuwa kile cha kupinda, na hicho hakimo kwenye herufi za kawaida za SMS, basi ujumbe wote unashuka kutoka 160 mpaka 70, unakatwa vipande na unalipia kila kipande. Emoji nayo ni hivohivo. Kwenye kikundi kuna jina lenye ng' na huyo peke yake gharama yake ilikua inakuja mara mbili ya wenzake, nikawa nashangaa kwa nini. Sasa nabadilisha kikoma kabla ya kutuma.

Kwa sasa SMS natuma mimi kwa mkono usiku, wao wanajua mfumo haujakamilika, na mi napata kuona wanajibu nini. Maana wanajibu! "Asante mwanangu." "Mbona mkopo haujapungua nililipa." Huyo wa pili alikua sahihi, malipo yalikua yameandikwa ukurasa wa jirani yake, ikarekebishwa kikao kilichofuata mbele ya wote.

Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, nimeisoma yote. Namba za simu na mikopo ya watu ni taarifa zao, kwaiyo kwenye ripoti kuna sehemu ya nani anahifadhi, kwa muda gani, na mtu akijitoa kikundini zinafutwaje. Kikundi kimeamua wenyewe: simu ya kikundi inalala ndani ya sanduku. Kufuli tatu. Hilo wazo sio langu, ni la mshika ufunguo wa pili, na nimeandika hivo.

Mei, katikati

Hali ilivyo. Tumefanya tena jaribio la makosa kwa toleo la pili. Kosa la muhuri likadakwa palepale kama kawaida. Kosa la kuingiza jumla kwenye simu mwisho wa kikao, mawili yalidakwa mezani kwa sababu kitabu kiko wazi mbele ya mwenyewe, moja likapita likadakwa usiku kwenye SMS, mtu kapiga simu saa nne kasoro anafoka. Msimamizi anasema hilo la usiku nisilihesabu kama ushindi, mi nalihesabu. Wiki zote zilizopita lingesubiri mpaka mgao wa Desemba, na kelele za Desemba wote tunazijua.

Bado sijamalizana na mambo haya. Wanachama wawili wanatumia laini ya mtoto, kwaiyo SMS ya mkopo wa mama inasomwa kwanza na kijana wa kidato cha tatu; mmoja amesema ni sawa, mwingine amesema afadhali asitumiwe, kwaiyo mfumo uwe na kuzima kwa mtu mmojammoja. Gharama za SMS zitoke mfuko wa jamii au kila mtu akatwe, hilo wanalijadili Jumapili na nimeambiwa nisiingilie. Na skrini ya katibu juani: wakikaa nje chini ya mwembe haoni kitu, nimeongeza utofauti wa rangi mpaka zaidi ya kiwango cha chini cha 4.5 kwa 1 kinachoshauriwa kwa maandishi ya kawaida, maandishi meusi tii kwenye nyeupe, na bado anaweka kanga kichwani kama mpiga picha wa zamani ili asome. Nitajaribu tarakimu kubwa zaidi nione.

Ripoti ni maneno elfu kumi na tano, nimefika kama nusu. Sura ya sanduku nimeiandika yote, sura ya skrini ni fupi kuliko nilivyoahidi kwenye pendekezo na msimamizi ameridhia ilimradi nieleze kwa nini. Rasimu naituma mwisho wa Juni. Faini zangu za simu kuita nimelipa zote, risiti zipo kwenye daftari la kikundi.